Kiinua Mgongo cha Mlinzi Wetu



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita tulisomewa habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwishowe saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama. Sisi Waswahili hatuhitaji kufafanuliwa saa hizo, maana tunazihesabu kama walivyozihesabu wao. Nilihubiri juu ya ukarimu wa Mungu, tena kwa kirefu, na mama mmoja akanishika mkono mlangoni akasema mahubiri yamemgusa. Jumatatu asubuhi, kabla sijamaliza chai, mlinzi wa parokia alibisha hodi ofisini, na tangu saa hiyo mahubiri yale yamekuwa yakinirudia kama chakula kisichotulia tumboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Baba. Tumsifu Yesu Kristo."

Hakukaa mpaka nilipomsihi. Akasema macho yake hayaoni vema usiku, na mlinzi asiyeona usiku ni hasara kwa parokia. Hivyo anaomba kupumzika ifikapo mwisho wa mwezi, arudi kwao milimani Usambara. Nikamjibu kwamba parokia haiwezi kumwacha aende mikono mitupu, na kwamba nitaongea na kamati ya fedha tumtafutie asante inayofaa. Akashukuru, akainuka. Alipofika mlangoni akageuka.

"Na ile ya NSSF, Baba, inafuatwa wapi? Hapa kwako au mjini?"

Hakuuliza kwa kunishitaki. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua basi linapita saa ngapi.

Nilifungua kabati la mafaili. Jina lake limo katika daftari la mishahara kwa miaka 19, mwezi kwa mwezi. Mwanzoni alama ya dole gumba, baadaye sahihi ya herufi alizofundishwa na katekista wetu. Namba ya uanachama wa NSSF haimo popote. Maparoko walionitangulia hawakumwandikisha. Sitawahukumu, maana mimi nina miaka 6 katika parokia hii, nami sikumwandikisha wala sikuwahi kuuliza.

Nilichokuwa nacho kichwani ni hesabu ya namna nyingine. Chumba nyuma ya ukumbi, bila kodi. Unga kila mwezi, na mchele wakati wa Noeli na Pasaka. Koti la mvua. Ada ya mjukuu wake kwa mihula miwili. Nauli na siku tatu za ruhusa alipofiwa na ndugu yake. Hayo niliyaita marupurupu, na moyoni nilijipongeza kuwa mwajiri asiye kama wengine. Sasa nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo nilipaswa kuisoma siku nilipokabidhiwa funguo za ofisi. Mfanyakazi aliyefiwa na ndugu yake wa kuzaliwa anastahili angalau siku 4 zenye malipo. Yaani hata pale nilipodhani nimeongeza, nilikuwa nimepunguza. Sheria hiyo hiyo inampa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Mzee hakuwahi kwenda likizo. Hakuomba, nami sikumkumbusha. Usiku ule ule nilipokuwa nimelala, yeye alikuwa getini.

Michango ya hifadhi ya jamii ni asilimia 20 ya mshahara kila mwezi, na katika hiyo mwajiri hutoa angalau nusu. Mshahara wa mzee sitautaja, kwa kuwa si haki yenu kuujua, basi tuchukue shilingi 100,000 kuwa kipimo. Kwa kila shilingi 100,000 za mshahara, shilingi 20,000 zilipaswa kupelekwa kila mwezi. Kwa miezi 72 niliyokaa hapa ni shilingi 1,440,000, na hiyo ni kwa uzembe wangu peke yangu. Lakini si fedha hizo zinazoniumiza zaidi. Mwanachama aliyechangia miezi 180, yaani miaka 15, akifikia umri wa kustaafu hulipwa pensheni mwezi kwa mwezi mpaka mwisho wa maisha yake, na akifariki wategemezi wake hawaachwi hivi hivi. Miaka 19 ni miezi 228. Mzee wetu aliuvuka mstari huo zamani, akiwa amesimama langoni kwetu na tochi na rungu lake, na hakuna kitabu chochote kilichoandika kwamba ameuvuka.

Lugha yetu ina maneno mengi ya kile ambacho mtu hupata kazini zaidi ya mshahara, nami nimekuwa nikiyatafakari juma zima. Marupurupu, nisikiavyo mimi, ni neno lenye mzaha ndani yake, kama kwamba tunazungumza juu ya makombo yaliyodondoka mezani. Posho ni unga kabla haijawa bahasha ya semina. Kiinua mgongo ndilo neno zito kuliko yote, kwa sababu linakiri wazi kwamba kazi imeupinda mgongo wa mtu, na kwamba aliyefaidika na kuupinda anao wajibu wa kuuinua. Kumpa mlinzi wangu "asante" badala ya kiinua mgongo ni kubadilisha deni kuwa zawadi, kisha kungojea kushukuriwa.

Mzee aliniambia kwamba marehemu baba yake alikuwa mtu wa mkonge, na pengine ndiyo maana aliuliza. Wengi wenu mnaosoma tafakari hii ni watoto na wajukuu wa mkonge. Mmea huo uliletwa kwetu na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche aliyoagiza kutoka Florida ilifika hai 62 tu, ikapandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto Pangani. Ilikuwa miaka miwili tu tangu Papa Leo wa XIII atoe waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum, mnamo Mei 1891. Sidhani kama kuna aliyeusoma Kikokwe. Mashamba yalipoenea Muheza, Korogwe na kwingineko, watu walitafutwa mbali: Njombe, Songea, Kigoma, hata nje ya mipaka. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kuajiri, SILABU, lililowasafirisha manamba kwa maelfu. Mtu wa mkataba alilipiwa nauli, akapewa nafasi kambini, akapewa posho, akatibiwa katika zahanati ya shamba. Siku zake za kazi ziliandikwa katika kipande mpaka zitimie 30.

Nimewasikia wazee wakibishana juu ya enzi hizo. Wako wanaosifu hospitali ya shamba na kusema dawa hazikukosekana. Wako wasiotaka hata kuusikia mlio wa korona, ile mashine ya kusaga majani. Mimi naona wote wanasema kweli. Posho ilikuwa chakula cha kumwezesha mtu kukata mkonge kesho yake, na zahanati iliwekwa ili mikono ipone irudi shambani. Sisemi hivyo kwa dharau. Mgonjwa aliyepona amepona. Lakini mambo hayo yote yaliishia kwenye mpaka wa shamba. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Kisha zikaja kamba za nailoni na plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, usimamizi ukayumba, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000 tu. Nyasi zikaota kati ya mistari ya mkonge, na zahanati nyingi zikafungwa. Kilichokuwa cha shamba kilikufa pamoja na shamba, na watu waliozeeka kambini wakabaki katika nyumba zisizo zao.

Hapo ndipo nilipoijua tofauti ambayo sikuwa nimeiona kati ya unga wangu na michango ambayo sikuipeleka. Unga unategemea mimi kuwapo, na kukumbuka, na kuwa na moyo mzuri mwezi huo. Nikihamishwa kesho, paroko ajaye hana habari nao. Mchango uliowekwa kwa jina la mfanyakazi mwenyewe unamfuata hata milimani, hata baada ya mwajiri kufilisika au kufa. Kwa sababu hiyo taifa lilianzisha Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi kwa sheria ya mwaka 1964, ambao kwa sheria ya mwaka 1997 uligeuka kuwa NSSF: fedha ya uzee isikae katika kiganja cha bwana shamba. Wala cha padri.

Nisiwadanganye kwamba karatasi inatosha. Hapa Tanga, mji wa reli na bandari, mnawakumbuka wazee wa Afrika Mashariki. Walikuwa na ajira rasmi, na mafao yao yaliandikwa. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 waliambiwa wangoje. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, nao wakaendelea kungoja. Ilikuwa mwaka 2005 ndipo serikali yetu na wazee hao walipofikia makubaliano mahakamani, na hata baada ya hapo ubishi juu ya hesabu haukwisha. Wengi walikwisha kuzikwa. Haki iliyoandikwa inahitaji pia mtu wa kuidai, na mtu mwenye haya ya kuichelewesha.

Kanisa haliwezi kusema halikujua. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, wa mwaka 1981, aliyataja mambo haya moja moja: matibabu yasiyomlemea mfanyakazi, mapumziko ya Dominika na likizo ya mwaka, pensheni, na bima ya uzee na ya ajali kazini. Aliyaweka katika sehemu ile ile anapozungumzia ujira wa haki, wala hakuyaweka katika mlango wa sadaka. Na Baba Mtakatifu wa sasa, alipochaguliwa mwaka 2025 na kujiita Leo wa XIV, alieleza kwamba alimkumbuka hasa yule Leo wa Rerum Novarum. Nasi tunalitaja jina hilo katika kila Misa.

Alhamisi jioni kamati ya fedha ilikutana. Niliwaeleza jambo lote, na mmoja wao, mtu mwema anayetoa zaka bila kukumbushwa, akasema, "Lakini, Baba, yule amekula hapa, amelala hapa, mjukuu wake amesomeshwa hapa. Anataka nini tena?" Sikuweza kumkemea. Ilikuwa hesabu yangu mwenyewe ya siku tatu zilizopita, neno kwa neno.

Kijana mmoja, mwalimu katika shule binafsi, alikuja na hoja nyingine. Yeye angeambiwa achague, angechukua fedha yake yote mkononi. Makato ya kila mwezi anayaona kama tundu katika mfuko wa suruali. Tena alisema aliwahi kufanya kazi mahali ambapo makato yalikatwa na hayakufikishwa. Hasira yake naielewa, na mwajiri afanyaye hivyo anaiba mara mbili, mshahara wa leo na mkate wa kesho. Lakini nilimwomba afikirie vibarua wa saa kumi na moja. Denari moja ilikuwa riziki ya kaya kwa siku moja. Mwenye shamba hakuwalipa kwa saa walizofanya kazi. Aliwalipa kwa siku ambayo watoto wao wangekula. Katika maisha ya kila mfanyakazi zipo saa ambazo hakuna anayemwajiri: anapougua, anapojifungua, anapozeeka, macho yanapokataa kuona usiku. Mshahara unalipa saa za kazi. Zile nyingine nazo zina njaa. Kijana alinyamaza, kisha akasema, "Sawa, Baba, lakini wafikishe." Nimemwahidi kwamba kila mwezi nakala ya malipo itabandikwa pale inapobandikwa hesabu ya sadaka.

Tulibishana mpaka saa tatu usiku. Fedha zilizokusanywa kwa ajili ya bati la kigango zitasimama kwanza, nami nitakwenda mwenyewe kuwaeleza waamini wa kigango hicho; najua watanung'unika, na wanayo haki, maana mvua za vuli haziko mbali. Nimeiandikia NSSF barua kuomba parokia iandikishwe na kujulishwa hesabu ya malimbikizo. Sehemu ya mwajiri na sehemu ya mfanyakazi, zote tutazibeba sisi. Likizo ambazo hakuzichukua zitahesabiwa, na nauli ya kumrudisha kwao na mizigo yake. Habari ya makatekista, ambao hata waajiriwa hatuwaiti, ni ngumu zaidi, na leo sitaigusa.

Ijumaa nilimkuta mzee akifagia chini ya mwembe. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Alisikiliza akiwa ameegemea ufagio. Kisha akasema, "Mimi nitangoja, Baba. Na yule mama wa jikoni, naye ameandikwa?"

Mama yule ametupikia kwa miaka 11. Nilirudi ofisini nikaandika jina lake chini ya jina la mzee.