Njia ya Lukafu na simu ya shofere



Juma lililopita sisi wanne wa likelemba tulikwenda Lukafu kununua mahindi. Wengi mnaijua njia hiyo. Unatoka Lubumbashi kuelekea kaskazini, lami inakuacha, kisha ni vumbi, mashimo, vichuguu vikubwa kama nyumba, na vijana wanaosukuma kinga zilizopakiwa magunia ya makala.

Mwezi wa tano, katika njia hiyo hiyo, shofere wetu alikuwa na simu mkononi, akibishana na mtu juu ya deni. Hakumwona kijana wa makala mpaka sisi wote tulipopiga kelele. Kijana aliruka pembeni, kinga ikaanguka mtaroni, magunia yakapasuka. Hakuumia, Mungu asifiwe. Tulichanga tukamlipa makala yake. Tuliporudi tukamwambia shofere: “Papa, tunakuheshimu. Lakini kama simu haitoki mkononi mwako, tutatafuta motoka ingine.” Akainamisha kichwa. Ndipo tukaamua motoka iwekwe chombo cha kuzungumzia simu bila kuishika, yeye alipe nusu, sisi nusu.

Tulianza na kile cha bei ndogo, kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha motoka na kutuma sauti katika redio. Kikatoa mvumo tu. Fundi wa umeme wa motoka, kule komini ya Kenya, alicheka. Motoka yetu ni ya Japani, usukani uko kuume, na redio za zamani za kule zinaishia namba 90 za FM. Chombo chetu kilikuwa kinatuma kwenye 100. Alipokishusha mpaka 88, sauti ilitoka. Lakini maikro yake ilikuwa chini karibu na magoti, na shofere alilazimika kuinama ili asikike. Mtu anayeinama haoni njia. Tukakirudisha dukani, tukaongeza pesa.

Kile cha pili kina maikro yenye waya mrefu na bafle yake ndogo. Fundi aliibana maikro juu, pembeni ya kioo cha mbele, karibu na mdomo wa shofere na mbali na dirisha, maana upepo unameza maneno. Waya aliupitisha ndani ya kitambaa cha mlango ili usining’inie miguuni penye breki. Umeme aliuchukua mahali panapowaka ufunguo ukigeuzwa tu. Bila hivyo chombo kinanyonya batri usiku kucha, na asubuhi mnasukuma. Akaweka na fizibule yake, ili waya ukigusana, kikatike hicho kidogo, motoka isiungue. Kazi yote haikumaliza saa mbili. Mwisho akaunganisha simu ya shofere na chombo, akampigia, tukasikia sauti imejaa motoka yote. Tukapiga makofi, kumbe somo lenyewe lilikuwa bado.

Siku ya safari, Mama Mapasa alikuwa na wasiwasi. Binti yake alikuwa hospitalini, siku zake za kuzaa zimefika. Simu yake haikuwa na moto, umeme ulikatika usiku. Hivyo alimpa mkwe wake namba ya shofere.

Tulikuwa tumekwisha kuacha lami. Rezo ilikuwa inakuja na kupotea. Ghafla bafle ikalia, shofere akagusa kitufe, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani, kama tulivyomfundisha. Sauti ya mkwe ikatoka mbele ya watu wote: “Mwambieni mama, damu imetoka nyingi, wanataka kumpasua, wanaomba dola mia moja na makumi tano kwanza.”

Mama Mapasa alishika kichwa. Shofere naye, ambaye ana mabinti, aligeuza uso kumtazama. Mikono ilikuwa kwenye usukani, lakini moyo ulikwisha kwenda hospitalini. Gurudumu la kushoto likashuka kwenye mchanga, motoka ikalala upande, ikasimama hatua chache kabla ya mti.

Hatukuumia. Lakini tulielewa. Chombo kile kinafungua mkono; hakifungui akili. OMS, shirika la afya la dunia, inasema anayetumia simu akiendesha yuko katika hatari ya ajali karibu mara nne zaidi, na kwamba kuzungumza bila kushika simu hakupunguzi sana hatari hiyo. Kwenye kalasi huwa ninawapa wanafunzi hesabu hii: motoka ya kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde. Ukiduwaa sekunde tatu, umekwisha kupita mita 50 bila kuziona. Na tusingojee polisi watukataze, maana sheria ya barabara ya nchi yetu ya 1978 iliandikwa wakati ambapo hakuna aliyetembea na simu mfukoni.

Tukashuka. Shofere hakujua kitufe cha kurudisha sauti kwenye simu yenyewe, basi akazima chombo chote. Mama Mapasa akapanda juu ya kichuguu na simu ya shofere sikioni, sisi chini tumeshika kitenge chake asianguke. Juu pale rezo ilikuwa nzuri. Pesa ya mahindi ilikuwa ndani ya simu yangu. Tulitazamana, hakuna aliyebisha. Nami nikapanda, nikaituma.

Tulifika Lukafu jua likiwa limeinama, ukuta wa Kundelungu umesimama mashariki, wa buluu. Kabla Lubumbashi haijazaliwa mwaka 1910, Lukafu tayari ilikuwa kituo cha serikali, na habari zilibebwa na watu kwa miguu. Aliyeleta habari alifika, akakaa, akapewa maji, ndipo akasema. Nilifikiri: labda hata simu inafaa kungoja motoka isimame.

Usiku, katika ua wa wenyeji wetu, simu ililia tena. Mtoto wa kike. Mama yake anapumua vizuri. Tulipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Tulirudi na magunia mawili badala ya saba, na makubaliano ambayo ninawaomba na ninyi muyatie katika vikundi vyenu. Chombo kiwekwe, ndiyo, ni bora kuliko simu mkononi. Lakini shofere ajifunze vitufe vyote motoka ikiwa imesimama. Njiani aseme tu, “Niko njiani, nitasimama nikupigie.” Jambo la ugonjwa, kifo au pesa lisizungumzwe motoka ikitembea, wala mbele ya masikio ya wote.

Na sisi tunaobaki nyumbani tuna sehemu yetu. Ukimpigia shofere, neno la kwanza liwe: “Papa, unaendesha?” Akijibu ndiyo, kata. Ndani ya motoka ile kuna mama wa mtu.