Mkono wa Zamani Katika Mchezo Mpya

Mtu akiwa bingwa wa mchezo fulani, kisha mchezo huo ukatolewa upya, wenye jina lile lile na namba kubwa zaidi mbele yake, je, ubingwa wake humfuata, au hukaa tena chini kama mwanafunzi? Huenda baadhi ya wasomaji wangu, hasa wale ambao hawajapata kushika pedi ya PlayStation, wakaliona swali hili kuwa la kitoto. Nami ningeliona hivyo hivyo, lau si kwamba mwaka 2024 mtumbwi mmoja pamoja na nyavu zake ulikaribia kuuzwa kwa ajili ya jibu lake.

Mtumbwi wenyewe ni wa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Nyamisati, kule kwenye delta ya Rufiji ambako boti za Mafia hupakia abiria. Yeye huvua kamba na kukamata kaa katika mikoko. Siku za bamvua humwoni; yuko kwenye maji usiku na mchana. Siku za maji mafu hupanda pikipiki mpaka Kibiti na kushinda katika kibanda cha gemu, ambako mashine ni PlayStation 2 iliyochakaa na mchezo unaopendwa ni Tekken 5, uliotoka mwaka 2005. Hapo hana mpinzani. Nimeona kwa macho yangu vijana wakiinuka na kumwachia pedi anapoingia, kama wazee wanavyompisha fundi wa bao.

Sasa rafiki yake aliyeko Dar es Salaam alimwambia kwamba huko watu wanashindania fedha, ila mchezo ni Tekken 8, uliotoka Januari 2024, nao hauingii katika mashine yake ya zamani. Lazima mashine mpya, na bei ya hiyo mashine inapita bei ya mtumbwi wake na nyavu zake zote. Akataka kuuza. Kumbuka kwamba mafuriko ya Aprili mwaka huo yalikuwa yameshaondoka na mpunga wa dada yangu, kama yalivyoondoka na mashamba ya watu wengi wa Rufiji na Kibiti. Mtumbwi ndio uliokuwa umebaki. Dada akamleta kwangu, akasema, "Kaka, zungumza na mwanao. Wewe ulimalizia ujana wako humo humo."

Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kibiti ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, na Daraja la Mkapa halijafunguliwa. Lilifunguliwa mwaka 2003. Wasafiri wa kusini walivuka mto kwa kivuko pale Ndundu, na aliyechelewa kivuko alilala njiani. Basi utingo na madereva waliokwama walikuwa wateja wazuri wa kibanda chetu. Jenereta nje, televisheni moja ndani, benchi mbili, na Tekken 3. Aliyeshindwa alilipia na kuinuka, aliyeshinda alibaki. Hii ndiyo sheria iliyotufundisha, maana asiye na fedha alilazimika kushinda ili aendelee kucheza.

Bingwa wetu alikuwa kijana mmoja fundi cherehani. Yeye alimchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa capoeira, anayezungusha miguu hewani hata mpinzani asijue pigo linatoka juu au chini. Vidole vya yule fundi vilikuwa vyepesi mno. Tena alikuwa na hila moja ambayo sisi wote tulishindwa kuijibu: akikupiga kidogo na kukutangulia, alirudi nyuma, akarudi, akarudi, mpaka muda ukaisha. Katika Tekken 3 uwanja hauna mwisho. Unaweza kurudi nyuma hadi kesho.

Halafu ikaja PlayStation 2 na Tekken 4. Vitufe ni vile vile: viwili vya mikono, viwili vya miguu. Sura nyingi ni zile zile. Nafasi ya Eddy ilishikwa na msichana, Christie Monteiro, mwenye mtindo ule ule wa capoeira, na fundi alimchukua bila wasiwasi. Lakini waliotengeneza mchezo walikuwa wameweka kuta, na sakafu nyingine hazikuwa sawa, zina vilima na mabonde. Fundi akarudi nyuma kama kawaida yake, mgongo ukagota ukutani, na mtu aliyegota ukutani hupigwa pigo juu ya pigo. Kwa wiki nzima alikuwa akiulaumu mchezo kwamba umeharibiwa. (Kwa haki yake niseme kwamba hakuwa peke yake, wachezaji wengi duniani hawakuupenda Tekken 4, na Tekken 5 ilirudi karibu na mwendo wa ile ya tatu, ingawa kuta zilibaki.)

Aliyeinuka badala yake ni mtoto mmoja muuza karanga, ambaye katika Tekken 3 hatukumhesabu. Alikuwa hana fedha, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya benchi na kutazama. Alikuwa ameshagundua jambo ambalo fundi hakulihitaji: kwamba kila pigo likizuiwa humwacha mpigaji wazi kwa muda fulani, pigo hili muda mfupi, pigo lile muda mrefu, na kwamba yapo mapigo ambayo ukiyazuia una haki ya kujibu bila hofu. Mchezo mpya ulipokuja, mapigo yalikuwa yamebadilishwa, lakini maswali yake hayakubadilika. Lipi likizuiwa linamwacha wazi? Lipi ni la chini? Alianza kuuliza siku ile ile ya kwanza, wakati sisi bado tunatafuta yale tuliyoyazoea.

Jambo la kuchekesha ni kwamba katika hadithi ya mchezo wenyewe yupo mtu aliyefikwa na hali hii. Jin Kazama katika Tekken 3 hupigana kwa mtindo wa ukoo wa Mishima aliofundishwa na babu yake. Katika Tekken 4 amewachukia hao ndugu kiasi cha kuutupa mtindo wao, akajifunza karate nyingine kabisa. Kwa hiyo aliyemzoea Jin alimkuta Jin, jina lile lile, sura ile ile, na mikono isiyomtii. Hapo ndipo jina linapomdanganya mtu. Ni afadhali wakati mwingine kumchukua usiyemjua kabisa, kwani humtarajii neno.

Sasa tuwatazame wakubwa wa dunia. Mjapani Daigo Umehara alipata umaarufu mwaka 2004, katika mashindano ya Evo huko Marekani, kwa jambo alilolifanya katika Street Fighter III: akiwa amebakiwa na uhai kiduchu, alikinga mfululizo wa mapigo ya Justin Wong pigo moja moja, kwa ile kinga ya kusukuma mbele inayotaka wakati wake barabara, kisha akajibu na kushinda pambano hilo. Ilipotoka Street Fighter IV, kinga hiyo haikuwemo. Jambo lililomfanya ajulikane lilikuwa limeondolewa! Hata hivyo mwaka 2009 alishinda Evo katika mchezo huo mpya, na mwaka 2010 akashinda tena. Naye Arslan Ash wa Lahore, Pakistan, alishinda Evo ya mwaka 2023 katika Tekken 7, na ya mwaka 2024 katika Tekken 8. Afrika Mashariki nako hatukosi mtu: Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alijipatia jina kwa Tekken 7.

Lakini mimi siridhiki sana na mifano ya mabingwa, kwa sababu bingwa wa dunia anapobadilishiwa mchezo hukaa nao kutwa kucha, ana mashine, ana wenzake wa kujipima nao. Mpwa wangu ana siku za maji mafu. Mfano ulio karibu naye zaidi ni bao. Msomaji anayejua bao anafahamu kwamba ndani ya mchezo mmoja mna michezo miwili. Kwanza namu: kila mmoja ana kete 22 mkononi, anaingiza moja moja, na nyumba yake ina heshima yake. Kete za mkononi zikiisha, unaingia mtaji, na sheria ya kuanzia inabadilika hapo hapo, mbele ya macho yenu, na kete ni zile zile 64. Nimewaona watu hodari wa namu ambao ukiingia mtaji wanakuwa kama wageni. Fundi wa kweli huanza kuucheza mtaji moyoni mwake wakati namu bado inaendelea. Manahodha wa delta nao ni hivyo. Mafuriko yakipita, fungu la mchanga lililokuwa huku linakutwa kule, na anayeendesha kwa kukariri hukwama. Anayesoma rangi ya maji na mikunjo yake hupunguza mwendo kidogo, kisha hupita.

Basi nikamkalisha mpwa wangu.

"Ukikutana na mtu usiyemjua, anayecheza usivyovijua, unafanyaje?"

"Nazuia tu, mjomba. Namwacha amalize vyake vyote, halafu naanza."

Jibu zuri, nami nilifurahi, maana hayo ni maneno ya yule mtoto wa karanga. Ila Tekken 8 imetengenezwa makusudi ili kumwadhibu mtu wa namna hiyo. Kuna hali inayoitwa Heat, ambayo kila mchezaji huwa nayo mara moja kwa kila raundi, na akiiwasha, hata ukizuia mapigo yake uhai wako unapungua. Uhai huo unaweza kuurudisha, lakini kwa kumshambulia yeye. Anayekaa kungoja analiwa polepole. Nikamwambia kwamba jicho lake atakwenda nalo Dar es Salaam, lakini subira yake, ambayo ndiyo mali yake kubwa, huko itamgharimu mpaka aifundishe njia nyingine. Na hilo halijulikani kwa kuuza mtumbwi. Linajulikana kwa kulipia saa katika vibanda vya watu.

Tukakubaliana. Mtumbwi akaachiwa binamu yake auvulie kwa mgawo, na yeye akapanda basi la Mbagala na nauli ya kurudi ameishonea kwenye mfuko wa ndani. Alikaa majuma matatu. Juma la kwanza alinipigia simu mara moja tu. "Mjomba, huku wananipiga watoto wa shule." Nilimwuliza kama ameshaona wanampiga kwa nini, akasema ameona, ila mkono haujakubali. Juma la tatu alikuwa akiwashinda wengi waliotoka katika michezo ya zamani kama yeye, lakini waliomsumbua hadi mwisho ni wale walioanzia na Tekken 8 yenyewe, ambao hawajawahi kujua kwamba kungoja ni silaha, kwa hiyo hawangoji.

Alirudi bamvua ilipokaribia. Tangu hapo huenda kila baada ya miezi miwili mitatu, akipata fedha ya kaa. Shindano moja aliingia, akatolewa katika pambano la pili na kijana ambaye, kwa maelezo yake, hakuwa na akili yoyote ila mikono. Nikamwambia nilipata kumjua fundi cherehani wa namna hiyo. Mashine hajanunua. Dada yangu bado ananiuliza kila tukikutana kama jambo hili litakwisha, nami humjibu kwamba nyavu ziko kwake, azihesabu.