Namba 51: Sam Mills Niliyemshuhudia Charlotte

Kila anapotajwa Sam Mills, watu huanza na urefu wake. Mimi naona huko ni kumpunja. Ni kweli alikuwa mfupi kwa kazi ile: futi 5 na inchi 9, wakati wengi wa wenzake walivuka futi 6. Lakini mimi nilimshuhudia akiichezea Carolina Panthers, timu ya mpira wa Kimarekani, kuanzia 1995 hadi 1997, kisha nikamshuhudia akifundisha, na baada ya miaka yote hii ninachokikumbuka zaidi ni ualimu wake. Alikuwa mwalimu kabla mpira haujamlipa mshahara, alikuwa mwalimu akiwa na jezi mwilini, na mauti yalimkuta akiwa mwalimu.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilihamia Charlotte, jimbo la North Carolina, mwaka 1994, kichwa kimejaa soka, sijui hili wala lile kuhusu mpira wa Kimarekani. Mgeni akiutazama mchezo ule huona watu wanagongana, wanasimama, wanajipanga, halafu wanagongana tena. Ilinichukua muda kuelewa kwamba utamu wote umo katika zile sekunde chache za kujipanga. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10, na kila nafasi ina mpango wake uliofanyiwa mazoezi wiki nzima. Upande wa pili watu 11 wanajaribu kuubashiri mpango huo. Katikati yao, nyuma ya majitu ya mstari wa mbele, husimama lainibeka. Yeye ndiye anayepaza sauti kuwapanga wenzake, ndiye anayesoma miguu na macho ya wapinzani, na mpira unapoanza inabidi awe ameshaamua: azibe mwanya, amfuate mwenye mpira, au arudi nyuma kuzuia pasi. Akikosea hatua moja tu, mtu keshapita.

Panthers ndiyo kwanza ilikuwa imezaliwa. Msimu wa 1995 ulikuwa wake wa kwanza katika ligi ya NFL, na uwanja wake wa Charlotte ulikuwa bado unajengwa. Mechi za nyumbani zilichezwa Clemson, South Carolina, kwenye uwanja wa kuazima wa chuo kikuu, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari. Timu ilianza kwa kupoteza mechi tano mfululizo. Jumapili ya tarehe 15 Oktoba, majirani zangu walinipakia kwenye gari lao twende tukaitazame ikicheza na New York Jets. Viti vingi vilikuwa vitupu, na waliokuja walikaa kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa.

Ndipo nikaliona tukio ambalo hadi leo naweza kulichora. Kwotabeki wa Jets, yaani mrusha mpira wao, Bubby Brister, alijaribu kuusukuma mpira kwa mkono wa chini, pasi fupi ya kumpenyezea mkimbiaji wake katikati ya msongamano. Mills, lainibeka namba 51 wa Panthers, alikuwa ameshafika. Aliudaka kana kwamba ametumiwa yeye, akaukumbatia, akakimbia yadi 36 hadi mwisho wa uwanja. Alikuwa na umri wa miaka 36, umri ambao lainibeka wengi wameshatundika viatu. Hakuna aliyemkamata. Jirani yangu alinikumbatia mimi, mtu ambaye sikuwa hata nimeelewa kilichotokea, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Panthers ilishinda 26 kwa 15, ushindi wa kwanza katika historia yake. Ikashinda tatu nyingine mfululizo, mojawapo ugenini dhidi ya San Francisco 49ers, mabingwa watetezi. Ilimaliza msimu na ushindi wa mechi 7, na hakuna timu mpya ya NFL iliyokuwa imewahi kushinda nyingi hivyo katika mwaka wake wa kwanza.

Mwaka uliofuata uwanja wa Charlotte ulifunguliwa, nami nikapata kibarua cha Jumapili katika kibanda cha vyakula ndani yake. Nilifanya kazi na mzee mmoja mwenyeji wa New Orleans, aliyekuwa amemfuatilia Mills tangu akiichezea Saints, timu ya mji huo. Huyo ndiye aliyenifundisha kutazama. Aliniambia, "Kijana, usiufuate mpira. Mtazame 51 kabla mpira haujaanza." Wateja wakipungua tulisogea kwenye lango la jukwaa, nami nikafanya kama alivyosema. Nilimwona Mills akimsukuma mwenzake begani asogee hatua mbili kushoto, akimnyooshea mwingine kidole, akirudi mwenyewe nyuma nusu hatua. Kisha mpira ulianza, na ukaja palepale alipowapanga. Nikaona hivyo tena na tena, mpaka nikaacha kuiita bahati.

Mzee alinisimulia pia alikotoka mtu huyo. Mills alizaliwa mwaka 1959 huko New Jersey, akacheza katika chuo cha Montclair State, chuo kidogo ambacho wasaka vipaji wa timu kubwa hawakuwa na mazoea ya kukitembelea. Hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Cleveland Browns ilimjaribu, ikamwacha. Toronto Argonauts ya Kanada nayo ikamwacha. Alirudi nyumbani akawa mwalimu wa sekondari huko East Orange, akifundisha useremala na upigaji picha, na kusaidia kuwanoa wachezaji wa shule. Mtu mwingine angeishia hapo, na wala isingekuwa aibu. Lakini mwaka 1983 ilianzishwa ligi mpya, USFL, na Mills akaenda kujaribiwa na Philadelphia Stars. Kocha Jim Mora alimpa nafasi. Wenzake walimbatiza jina la Panya wa Shamba kwa udogo wake na wepesi wake, na pamoja naye Stars walitwaa ubingwa wa 1984 na wa 1985.

Mora alipochukuliwa na New Orleans Saints mwaka 1986, alikwenda na Mills. Timu ile ilikuwa haijawahi kumaliza msimu hata mmoja ikiwa na ushindi mwingi kuliko kushindwa. Mwaka 1987 ikavuka mstari huo kwa mara ya kwanza: ilishinda mechi 12, ikapoteza 3. Mills alisimama katikati na Vaughan Johnson, Rickey Jackson na Pat Swilling wakiwa kando yake. Mwaka 1992 wote wanne waliteuliwa kwenye Pro Bowl, mechi ya wachezaji bora wa ligi. Lainibeka wanne wa timu moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla. Mora alifundisha wachezaji wengi wakubwa maishani mwake, lakini alimtaja Mills kuwa bora kuliko wote.

Huku Charlotte, msimu wa 1996 Panthers ilishinda mechi 12, ikaitoa Dallas Cowboys, mabingwa watetezi, mbele ya macho yetu mnamo Januari 1997, kabla ya kusimamishwa na Green Bay Packers hatua moja kutoka Super Bowl, fainali ya ligi. Kwa misimu mitatu Mills hakukosa kuanza hata mechi moja. Alipostaafu, timu ilimsimamishia sanamu nje ya uwanja mwaka 1998, na jezi namba 51 ikawekwa kando, asiivae mwingine.

Wengi husimulia ukocha wake kama sura ya pili ya maisha. Mimi niliyezoea kumtazama kutoka lango la jukwaa sikuona mpaka wowote. Alibaki Panthers kama msaidizi, na kuanzia 1999 akawa kocha wa lainibeka. Kila kiangazi timu iliweka kambi katika chuo cha Wofford, mjini Spartanburg, na watu waliruhusiwa kutazama mazoezi. Jua la huko linachoma na unyevu wake ni wa pwani kabisa. Nilisimama kwenye kamba pamoja na watoto waliokuja kutafuta saini, nikimtazama Mills amezungukwa na vijana waliompita kwa urefu, wote wamenyamaza wanamsikiliza. Alikuwa na ile sauti ya mwalimu asiyehitaji kufoka. Mmoja wa vijana aliowalea ni Dan Morgan, aliyechaguliwa na Panthers mwaka 2001. Leo Morgan ndiye meneja mkuu wa timu hiyo.

Mwezi Agosti 2003 zikaja habari mbaya. Mills alikuwa na saratani ya utumbo. Lainibeka mmoja wa timu, Mark Fields, naye aligundulika kuwa na saratani mwaka huohuo. Mji mzima ulishikwa na simanzi. Tulidhani hatutamwona tena kazini msimu ule. Lakini Mills alikuwa akipata tiba yake ya kemikali, kisha anarudi kufundisha. Sisi wa vibandani tulimwona kando ya uwanja, amepungua mwili, kofia kichwani, karatasi mkononi. Watu walimpigia makofi. Yeye alikuwa ameshainama kuzungumza na vijana wake.

Timu ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa imeshinda mechi moja tu kati ya 16 ilifika hatua ya mtoano. Kabla ya kukutana na Dallas, Januari 2004, Mills aliombwa azungumze na wachezaji. Waliokuwamo wamesimulia kwamba chumba kilikuwa kimya. Aliwaambia kuwa siku alipopewa majibu ya ugonjwa wake aliona njia mbili: kuacha, au kuendelea kutwanga. Yeye ni mpiganaji, alisema, na ameendelea kutwanga. Nao waendelee kutwanga. Siku iliyofuata waliwafunga Dallas 29 kwa 10. Wakawatoa St. Louis, wakawatoa Philadelphia, wakaenda Houston kwenye Super Bowl ya tarehe 1 Februari. Tulijazana sebuleni kwangu, Watanzania na Wakenya ambao nusu yao sikuwa nimefaulu kuwaeleza sheria za mchezo, tukaumia pamoja New England Patriots walipofunga kwa mguu zikibaki sekunde nne. Ilikuwa 32 kwa 29.

Madaktari walikuwa wamempa Mills miezi tu. Aliishi na ugonjwa ule takriban miaka miwili, akafundisha msimu mwingine mzima, na akafariki dunia Charlotte tarehe 18 Aprili 2005, akiwa na miaka 45. Asubuhi ile nilipita kwenye sanamu yake nikielekea kazini. Watu walikuwa wameshaanza kuweka maua, jezi na barua za watoto. Nilimkuta mwanamume mzima amesimama pale na sare yake ya kazi, analia bila kujificha, nami sikuona haya kusimama kando yake.

Maneno yale aliyowaambia wachezaji, Keep Pounding, yaani endelea kutwanga, yameshonwa ndani ya kola ya jezi za Panthers tangu 2012, na kabla ya kila mechi ya nyumbani hupigwa ngoma kuyakumbusha. Mwanawe, Sam kama yeye, alikuja kuwa kocha katika timu hiyohiyo. Lakini Jumba la Mashujaa la mpira huo, kule Canton, Ohio, lilimfungulia mlango mwaka 2022 tu, miaka 17 baada ya kifo chake, ukiwa ndio mwaka wake wa mwisho wa kustahiki kwa utaratibu wa kawaida. Mjane wake ndiye aliyesimama kuzungumza kwa niaba yake. Nilifurahi, na nilikasirika. Heshima ile angeweza kabisa kuipokea kwa mikono yake mwenyewe.

Neno langu ni kwa ninyi mnaochagua vijana, wa mpira au wa kazi yoyote. Timu mbili zilimpima Sam Mills zikaona inchi zilizopungua. Jim Mora alimtazama akicheza, akaona mtu anayejua mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka. Vipimo vyote vya mwili vilikuwa sahihi, na waliovitegemea walikosea. Msimrudishe kijana nyumbani kabla hamjamwona akifanya kazi yenyewe.