Sahani ya Jirani



Ndugu wapendwa, kila mara mafundisho ya Komunyo ya Kwanza yanapoanza, wazazi wanaoishi hapa Pemba hutuletea swali lile lile. Mtoto wetu atakuaje katika imani ya Kanisa, ikiwa rafiki zake wote huenda chuoni jioni na yeye hubaki barazani peke yake? Wanaouliza hawana chuki na mtu. Wengi ni waalimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara waliotoka Bara, wakapangiwa kazi Wete, Chake Chake au Mkoani, wakapewa nyumba katikati ya watu wema ambao karibu wote ni Waislamu. Kisiwa hiki kina watu zaidi ya laki tano, nasi Wakristo ni kama chumvi iliyomwagwa kwa vidole viwili.

Hata hivyo, ni vema tukumbuke kwamba mgeni si jambo jipya Pemba. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na mikono ya kulichuma ilitoka pande nyingi, mingi ikiwa ya watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, Waquaker kutoka Uingereza walianzisha misheni yao Banani ili kuwahudumia walioachwa huru. Wakristo wamepikia moshi mmoja na majirani zao hapa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tunasema moshi kwa sababu mambo mengi hapa huanzia jikoni. Anayehamia mtaani hukaa siku mbili au tatu, kisha huona mtoto amesimama mlangoni anapiga hodi, mkononi ana sahani iliyofunikwa kwa kawa. Ndani mna muhogo wa nazi, au mkate wa kumimina, au samaki. Mgeni wa Bara hushukuru, huosha sahani vizuri na kuirudisha iking'aa. Ndipo mwenyeji wake wa kwanza, kwa upole mwingi, humfundisha kwamba sahani hairudi tupu. Jambo hili huonekana dogo, kumbe ndani yake lipo swali zito: mimi Mkristo niweke nini ndani ya sahani hii, ambacho jirani yangu atakila bila shaka moyoni?

Familia moja ya Kihaya ilikutana na swali hilo kwa namna ambayo tunaikumbuka hadi leo. Ilikuwa Desemba 2023. Ndugu zao wa Bukoba waliwatumia mfuko wa senene waliokaangwa vizuri, na mama wa nyumba, ambaye ni muuguzi, alikuwa na sahani ya jirani iliyokaa kabatini wiki nzima. Kwa furaha ya kuonja chakula cha kwao, akajaza senene humo, akampa binti yake wa miaka tisa aipeleke kwa bibi wa nyumba ya pili. Baadaye akaingiwa na wasiwasi, akamfuata.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Hawa si panzi hawa?”

“Ni senene, bibi. Kwetu ni chakula cha heshima.”

Bibi hakucheka wala hakusukuma sahani. Alimtuma mjukuu wake kwa mwalimu wa chuo akaulize. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa: nzige ni halali, wala hahitaji kuchinjwa, na mwalimu haoni ubaya kwa hawa jamaa zake. Bibi akala watatu, akasema wanamkumbusha dagaa. (Sisi tuliozaliwa mbali na Ziwa Viktoria tunakubaliana na bibi, ingawa hatusemi hivyo mbele ya Wahaya.)

Sasa ilitokea kwamba Dominika iliyotangulia, tarehe 10 Desemba, ilikuwa ya pili ya Majilio, na Injili ya Marko ilikuwa imetusimulia habari za Yohane Mbatizaji aliyekula nzige na asali ya mwitu. Binti hakuweza kunyamaza. Akamwambia bibi kwamba kanisani kwao yumo mtu wa Mungu aliyekula chakula hiki jangwani. Bibi akauliza ni nani. Aliposikia kwamba ni mwana wa Zakaria, akasema, “Ah, Nabii Yahya!” Naye akaanza kumsimulia mtoto habari za mzee aliyeomba apewe mwana wakati nywele zake zimekwisha kuwa nyeupe.

Binti alirudi nyumbani amejaa furaha, na hapo ndipo baba yake alipofadhaika. Kwa maana si mara ya kwanza. Mtoto alikuwa ameokota Suratul Fatiha kwa kusikiliza wenzake, na aliweza kuisoma bila kukosea. Baba alitujia akiwa amekwisha kuamua kumpeleka binti kwa bibi yake mzaa baba huko Bukoba, akalelewe mahali kengele ya kanisa inaposikika. Mama hakutaka. Nyumba ilikuwa imegawanyika kimya kimya, na mtoto alijua.

Hatukuwa na amri ya kumpa. Tulimwuliza jambo moja tu: je, Salamu Maria anaijua vizuri kama anavyoijua Fatiha? Baba alikaa kimya kitambo, akasema kwamba nyumbani husali kila mmoja peke yake, kwa kuwa zamu za hospitali na kusahihisha madaftari haviwapi nafasi. Tukaona kwamba jirani alikuwa amempa mtoto kile alichonacho, kwa kuwa jirani alikuwa nacho mdomoni kila siku.

Mtaguso wa Pili wa Vatikani, katika tamko la Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kuwatazama Waislamu kwa heshima, na ukakumbusha kwamba wanamheshimu Yesu kama nabii na Mama yake Maria. Lakini heshima hiyo haifuti mahali tunapoachana. Kwetu Yohane ananyoosha kidole na kumwonyesha Mwanakondoo wa Mungu, na bibi wa nyumba ya pili hafuati kidole kile. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuyaelewa yote mawili iwapo atayasikia kwa sauti tulivu, tena kutoka kwa wazazi wake. Binti yule alibaki Wete, na rozari ikaanza kusaliwa nyumbani, japo si kila usiku. Familia nyingine mwaka uleule iliwapeleka watoto wake Bara, nasi hatuilaumu. Kila mzazi anajua uzito wa mzigo wake. Waliobaki wana kichekesho chao: wanasema skuli, tungule na mbatata, na bibi zao wa Bara wakiongea nao kwa simu huuliza ni nani huyu Mpemba.

Jambo la kuchinja ndilo lililotuletea manung'uniko zaidi. Akina mama wengi wa kwetu, wakitaka kupika kuku, humwita kijana wa jirani aje kuchinja, ili sahani iweze kwenda popote. Wapo waamini waliosema kwamba huko ni kujinyenyekeza kupita kiasi. Hatuwaoni kama watu wagumu wa moyo, maana tunakumbuka kwamba Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, mchungaji aliuawa katika vurugu zilizozushwa na ugomvi huo huo wa nani achinje. Katika mwezi uleule Padre Evarist Mushi alipigwa risasi na kufa Unguja. Siku zile tuliogopa, na milango mingi ilifungwa mapema. Lakini tusomapo Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 10, tunaona Mtume Paulo akiwaacha Wakristo huru kula wanachoandaliwa, na papo hapo akiwataka waitazame dhamiri ya yule mwingine mezani. Kwa maoni yetu, mama anayemwita kijana wa jirani yuko karibu na Paulo kuliko sisi tunaobishana barazani.

Pasaka ya mwaka 2024 ilitupima kwa namna nyingine, kwa kuwa iliangukia tarehe 31 Machi, katikati ya Ramadhani. Tulikuwa tumetoka katika mfungo wetu, na wenzetu walikuwa ndani ya wao. Misa ilikwisha mapema, na kufikia adhuhuri harufu ya pilau ilikuwa imejaa katika nyumba zetu chache. Akina mama wakakubaliana kwamba hakuna sahani itakayotoka kabla ya magharibi. Watoto ndio waliopata tabu: walikuwa wameshiba, lakini walilitazama jua kwa uchu kuliko wenzao waliofunga, kwa hamu ya kutumwa. Adhana iliposikika, walitoka mbio na masinia yao, wakawakuta majirani wameshika kikombe cha uji wa pilipili manga na tende.

Sahani nyingi zilirudi siku ya Idi, zimejaa visheti na kaimati. Moja bado haijarudi hadi leo, na mwenyewe anasema hana haraka nayo.