Gari la stima lililolala Lang'ata

IFIKAPO wiki ya tatu ya Desemba, mitaa ya Lang'ata jijini Nairobi hunyamaza. Watoto waliokuwa wakiendesha baiskeli langoni wamekwenda mashambani, na walinzi hubaki wakizungumza na redio zao. Magari hupangwa kwenye maegesho, vumbi likitua taratibu juu ya vioo.

Miongoni mwayo siku hizi yamo ya umeme, hasa Nissan Leaf zilizotumika Japani kabla ya kuvuka bahari hadi Mombasa. Mjini yanafaa sana. Safari ndefu ndiyo kazi. Leaf ya mwaka 2014, yenye betri ya kilowati-saa 24, hata kufika Nakuru, kilomita kama 160, ni bahati. Ndiyo maana familia moja ya mtaa huo iliacha lake nyumbani, ikapanda basi kwenda Kakamega kumsalimia nyanya kwa wiki tatu.

Baba alichomeka kebo ya chaji kabla ya kuondoka, akiamini gari litakuwa tayari wakirudi.

Walirejea usiku, Januari, baada ya siku nzima barabarani. Kitinda mimba wao, mwenye pumu, alikuwa amevuta vumbi njiani na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imeisha. Ilipokaribia saa saba usiku kifua kilianza kutoa mluzi. Baba alibonyeza rimoti. Kimya.

"Mzee, hilo gari lako la stima limelala tangu wiki jana," mlinzi alisema. "Hata kile kitaa cha bluu hakiwaki tena."

Jirani mwenye Probox aliamshwa, na mtoto akafikishwa hospitalini akapata nafuu. Lakini dakika zile za kugonga mlango wa watu gizani, mama mtu hajazisahau.

Asubuhi ndipo fumbo lilipofumbuliwa. Betri kubwa ilikuwa na chaji ya kutosha. Iliyokufa ni ile ndogo ya volti 12, iliyo chini ya boneti, kama ya gari lolote la petroli. Ndiyo inayofungua milango, kuamsha kompyuta na kuunganisha betri kubwa na mota. Ikiisha nguvu, betri kubwa haina wa kuiamsha.

Betri hiyo ndogo hujazwa na ile kubwa gari likiwa limewashwa au likichajiwa. Likiegeshwa, kengele ya wizi, kamera ya dashibodi na kifaa cha kufuatilia gari huendelea kunyonya kidogo kidogo. Na kebo si dawa: katika baadhi ya magari, betri kubwa ikishajaa, chaji hukatika, na ile ndogo huachwa ijitegemee. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Baba alichomoa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, akafungua mlango, akainua boneti. Jirani yule yule alileta waya za kujampu, na baada ya dakika chache Leaf ikaamka. Gari la umeme hukubali kusaidiwa hivyo, ila watengenezaji wengi wanakataza litumike kujampu lingine. Nyaya nene za rangi ya machungwa zisiguswe kamwe. Humo mna umeme wa kuua. Asidi ya betri ikiruka machoni, osha kwa maji mengi safi mara moja, kisha nenda hospitalini.

Anayesafiri ana njia tatu. Aachie ndugu anayemwamini ufunguo, aliwashe gari mara moja kwa wiki kwa kama saa moja, hadi itokee taa ya kuonyesha liko tayari kwenda. Kuwasha redio pekee huzidi kuimaliza betri. Au aunganishe chaja ndogo ya kutunza betri ya volti 12, mahali penye hewa. Au fundi akate waya wa hasi, baada ya kusoma kitabu cha gari. Kamera ya dashibodi ichomolewe. Mita ya bei nafuu itamwambia ukweli: betri ya kawaida ya risasi ikiwa imejaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi, ikikaribia 12, imekwisha.

Desemba iliyofuata familia hiyo ilikwenda tena Kakamega. Ufunguo ulibaki kwa jirani wa Probox. Namba ya teksi ilibandikwa mlangoni, na katika mkoba wa mama mlikuwa na dawa mbili za kuvuta, moja haijafunguliwa. Waliporudi, kabla hata ya kushusha mizigo, baba alibonyeza rimoti. Taa zikapepesa, na mlinzi akacheka.