Karani Aliyejifunza Kupika

Katika mwaka 1954 karani mmoja wa Nyanza, mwenye umri uliopita kidogo miaka thelathini, alihamishwa kutoka Kisumu akapelekwa Mombasa. Mkewe alibaki nyumbani kuangalia shamba na watoto, kama ilivyokuwa desturi ya makarani wengi wa siku zile, naye akapanga chumba huko Majengo, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua nyuma. Alikuwa na kitanda, meza, sanduku la nguo na taa ya chemni. Chombo cha kupikia hakuwa nacho hata kimoja, wala hakuona kwamba amepungukiwa na kitu.

Chakula chake alikula hotelini. Asubuhi chai na mahamri, mchana wali na maharagwe, jioni wali na mchuzi. Mwenye hoteli aliyaandika yote katika daftari, maana karani ni mtu wa mshahara. Mwisho wa mwezi wa tatu daftari lile lilipofunguliwa, deni lilikuwa Shs. 71/50. Yeye ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu fedha za wengine, na ambaye hakupata kukosea hata senti tano katika vitabu vya ofisi, hakuwa amezihesabu zake mwenyewe. Mwezi ule alipeleka nyumbani Shs. 10/- tu, na karo ya mtoto wake wa kwanza ikachelewa.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini hakujipikia tangu mwanzo. Ni aibu tu iliyomzuia. Kwao mwanamume hakaribii mafiga. Nayo ni fikira ya ajabu mtu akiipima, kwa kuwa siku zile wapishi wa nyumba za Wazungu, wa hoteli kubwa, wa magari ya moshi na wa kambi za askari walikuwa karibu wote wanaume, tena wengine watu wa kwao hasa. Aliyempikia mwingine kwa mshahara aliheshimiwa. Aliyejipikia mwenyewe alichekwa.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa makamo. Jioni moja alimwona karani ameketi chumbani wakati wa chakula, kwa maana alikuwa akilikimbia lile daftari.

"Mwanangu, leo huli?"

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini, nami tumbo lako nalisikia tangu huku uani? Njoo, uniletee mbuzi hapo ukutani."

Karani alitazama ukuta wote na ua wote akimtafuta mnyama. Watu wa pwani huita mbuzi kile kibao cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma wenye meno, lakini yeye hajapata kuambiwa. Mama alicheka hata akakaa chini. Tangu saa ile aibu ya karani ilipungua nusu, maana alikwisha kuchekwa wala hakufa.

Akanunua jiko la makaa, sufuria mbili, mwiko na kifumbu. Sima, ambayo yeye aliita ugali, aliipata upesi. Wali ulimsumbua zaidi: wa kwanza ulikuwa ukoko chini na mbichi juu, mpaka alipofundishwa kuacha maji yapite mchele kwa pingili moja ya kidole, na kupalia makaa juu ya kifuniko maji yakikauka. Alijifunza pia kwamba tui jembamba hutangulia na tui zito hutiwa mwisho, likikorogwa bila kuachwa, la sivyo hukatika.

Lakini moyo wake ulikuwa katika mkate wa ngano, na tanuri hakuna. Mama, ambaye alijua sana mkate wa kumimina wa mchele, alimwambia, "Tanuri ni moto juu na moto chini, basi. Nao unao." Karani akatia mchanga wa vidole viwili katika sufuria kubwa, akaweka ndani yake mkebe uliopakwa samli, akafunika kwa bati, na makaa juu ya bati.

Mkate wa kwanza alikorogea hamira katika maji yanayochemka, akidhani moto utaiharakisha. Hamira ni kitu chenye uhai, ikafa. Mkate ukawa jiwe. Wa pili aliukanda alfajiri akaenda kazini. Kumbe joto la Mombasa haliwangoji makarani: aliporudi jioni unga ulikuwa umefura, umemwagika mezani, umeshuka tena, na chumba chanuka kama kilabu cha pombe. Wa tatu alitumia hamira kidogo na maji ya uvuguvugu kama ya kuogeshea mtoto mchanga, akaukanda baada ya kazi, akazidisha makaa ya juu kuliko ya chini. Alipougonga chini kwa kidole ulilia kama ngoma, na hiyo ndiyo dalili ya mkate ulioiva. Ila chembe chache za mchanga zilinata kila mara alipoutoa, hata afanye nini.

Kwa mwezi wa tano deni la hoteli lilikwisha, na karo ikalipwa.

Mwaka 1955 baba yake alikuja kumtazama, baada ya kulala njiani siku mbili ndani ya gari la moshi. Mshahara ulikuwa bado siku nne, kwa hiyo hoteli haikuwezekana. Mzee alipoamka usingizini alasiri alimkuta mwanawe uani, amejifunga kanga ya mwenye nyumba kiunoni, unga umemfika viwikoni.

Mzee alisimama kitambo. Kisha akauliza, "Ni nani aliyekuagiza kazi hii?"

"Njaa, Baba."

Mzee akarudi chumbani. Usiku alikula wali na samaki bila neno. Asubuhi alikula kipande cha mkate kwa chai, kisha cha pili, kisha cha tatu, naye karani akajifanya hahesabu. Siku ya kuondoka, stesheni, mzee aliuliza bila kumtazama kama katika kikapu mna mkate. Ilikuwamo miwili, imefungwa katika gazeti.

Baada ya majuma matatu ikaja barua ya mdogo wake. Alieleza kwamba baba aliwagawia wazee wenzake mkate ule, akawaambia kuwa umenunuliwa katika duka kubwa la Mombasa. Mama yao alikigeuza kipande chake, akapangusa chini kwa kidole, akauliza ni duka gani hilo lipikalo mkate katika mchanga. Baba akainuka, akaenda kutazama ng'ombe.