Kimo cha Mzigo, Kimo cha Njia
Safari ya tela la mwani kutoka Paje hadi Mjini



Katika pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja kuna kijiji kinachoitwa Paje. Mchanga wake ni mweupe kama unga. Maji yanapokupwa, bahari hurudi nyuma mbali sana. Hapo ndipo akina mama huingia na kamba na vigingi, kwenda kuhudumia mashamba yao ya mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza hapa Paje na katika kijiji jirani cha Jambiani mwaka 1989. Wakulima wengi ni wanawake. Mwani umewasomesha watoto wao na umewajengea nyumba.

Mwani mkavu ni mwepesi, lakini unajaza nafasi. Ukipakia magunia katika tela, mzigo hupanda juu haraka kabla haujawa mzito. Trekta halilalamiki. Kwa hiyo mpakiaji huona bado kuna nafasi, akaongeza safu nyingine. Hapo ndipo hatari inapoanzia. Mimi niliiona kwa macho yangu, na nilikuwa mmoja wa waliokosea.

Tunapakia Paje

Ilikuwa mwaka 2015. Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na mwani wa miezi mitatu. Mnunuzi alikuwa na ghala Malindi, karibu na bandari ya Mjini. Wakakodi trekta lenye tela kubwa. Mimi nilikuwa bwana shamba wao, nikaenda kuwasaidia kupanga safari.

Tulipakia safu nne za magunia. Bado yalibaki magunia mengi chini.

"Bwana shamba, tuyapeleke yote kwa safari moja," alisema Bi Mwenyekiti. "Kukodi mara mbili ni hasara."

Dereva alitazama juu, akasema, "Yatapita. Njia hii naijua."

Na mimi nikasema yatapita. Sikupima. Futi kamba ilikuwa ndani ya mkoba wangu, na haikutoka.

Tukaongeza safu mbili, zikawa sita. Tukafunga kamba. Utingo, kijana wa miaka 19, akapanda juu ya mzigo na kukaa huko. Alikuwa mtoto wa Bi Mwenyekiti. Dereva akasema "Bismillahi", trekta likaondoka. Mimi nilifuata nyuma kwa pikipiki. Bi Mwenyekiti na katibu wake walibaki. Wao wangetufuata kwa daladala.

Matuta ya Jozani

Kutoka Paje tulipita Kitogani, kisha tukaingia katika msitu wa Jozani. Hapa kuna kivuli na hewa ya baridi. Msitu huu pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004. Humo wanaishi kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani. Kima hawa hawapatikani popote duniani ila Zanzibar. Zamani wengi waligongwa na magari walipovuka barabara. Ndiyo sababu matuta yakawekwa hapa, magari yapunguze mwendo.

Matuta hayo yalitupa somo la kwanza. Trekta lilipovuka tuta, nilisikia chuma kikikwaruza lami. Ulikuwa ni mkono wa tela, yaani kile chuma kinachounganisha tela na trekta. Magurudumu ya nyuma ya trekta yalikuwa yameshuka upande wa pili wa tuta. Magurudumu ya tela yalikuwa hayajapanda. Mkono ukawa katikati, juu ya tuta, na uvungu wake ulikuwa mdogo.

Basi gari lina vipimo viwili vya kimo. Kimoja ni cha juu, kutoka ardhini hadi kilele cha mzigo. Kingine ni cha chini, kutoka ardhini hadi chuma kinachoning'inia chini kuliko vyote. Watu wengi husahau vyote viwili.

Niliona jambo lingine pia. Dereva alivuka tuta moja kwa upande. Gurudumu moja la tela likapanda kabla ya lingine. Mzigo ukayumba sana kule juu. Hesabu yake ni rahisi. Tela hili lilikuwa na sentimita 180 kati ya gurudumu la kushoto na la kulia. Kilele cha mzigo kilikuwa juu mara mbili ya upana huo. Gurudumu moja likipanda au kushuka sentimita 10, kilele huegemea upande mara mbili yake, yaani sentimita 20 hivi. Mzigo ukiwa mrefu zaidi, huegemea zaidi. Kwa hiyo vuka tuta taratibu, na ulivuke moja kwa moja, magurudumu yote mawili kwa pamoja.

Chini ya miembe ya Bi Khole

Tulipokaribia Bungi, tuliingia kwenye miembe. Safu mbili za miembe mikubwa zilisimama kando ya barabara, moja kulia na moja kushoto. Matawi yao yalikutana juu kama dari. Inasemekana miembe hiyo ilipandwa kwa amri ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said, aliyekuwa na nyumba na shamba huko katika karne ya 19. Siku zile watu walipita hapa kwa miguu, kwa punda au kwa farasi. Hakuna aliyefikiria tela lenye safu sita za magunia.

Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha. Majani yaliyojaa maji huwa mazito, na tawi huinama. Katikati ya barabara tulipita vizuri. Mara ikaja lori kutoka mbele. Dereva wetu akasogea kushoto kulipisha. Gurudumu la kushoto likatoka kwenye lami na kushuka. Mzigo ukaegemea kwenye miti. Pale pembeni matawi yalikuwa chini kuliko katikati.

Nilisikia mlio wa tawi, kisha kamba ikakatika. Magunia ya safu ya juu yakaanguka. Kijana akaanguka pamoja nayo.

Nilitupa pikipiki nikakimbia. Alikuwa hai, amelala juu ya magunia mawili, ameshika mkono wake. Mkono ulikuwa umevunjika. Kama angeanguka kwenye lami, au mbele ya lile lori, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Baada ya muda daladala ilifika. Bi Mwenyekiti alikuwemo. Alishuka, akamwona mwanawe. Hakupiga kelele. Alimfunga mkono kwa mtandio wake, akampandisha ndani ya daladala, akaenda naye hospitali ya Mnazi Mmoja. Kabla ya kuondoka alinitazama. Hakuniambia neno, lakini nililisikia.

Futi kamba inatoka mkobani

Katibu wa kikundi alibaki nasi. Mama huyu alijifunza kusoma na kuandika ukubwani, katika darasa la watu wazima. Akaniuliza, "Bwana shamba, hili tawi lina kimo gani? Na mzigo ulikuwa na kimo gani?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nikatoa futi kamba.

Tulilipima tawi kutoka ardhini. Sentimita 365. Tukapima sakafu ya tela kutoka ardhini. Sentimita 110. Safu moja ya magunia ilikuwa na sentimita 45. Katibu akachukua kipande cha mkaa, akaandika hesabu kwenye ubao wa tela:

Safu 6 mara 45 ni 270.
270 na 110 ni 380.

Mzigo ulikuwa sentimita 380, na tawi lilikuwa sentimita 365. Tofauti ni sentimita 15. Haifiki hata shubiri moja! Na yule kijana alikuwa amekaa juu ya hizo 380. Kichwa chake kilikuwa karibu sentimita 470 kutoka ardhini.

Kisha akaandika hesabu ya safu nne:

Safu 4 mara 45 ni 180.
180 na 110 ni 290.

Hesabu hiyo ilichukua dakika mbili. Tungeifanya Paje asubuhi, tusingemwaga mwani wala kumvunja mtu mkono. Tukashusha safu mbili, tukazirundika kando na kuzifunika turubai. Tukaendelea na safu nne. Magunia yaliyobaki yalifuatwa kwa safari ya pili. Ile hasara tuliyoikimbia ilitukuta njiani, tena kubwa zaidi.

Mji Mkongwe una kipimo chake

Tulipita Tunguu, Fuoni na Mwanakwerekwe, tukafika Darajani. Zamani palikuwa na mkono wa bahari hapa, na daraja la kuuvukia. Ndiyo maana pakaitwa Darajani. Upande mmoja ni Ng'ambo, upande wa pili ni Mji Mkongwe.

Tela haliingii katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Mitaa ni myembamba. Huku kuna baraza za kukalia, huku kuna milango ya nakshi, na juu kuna roshani zilizotokeza njiani. Mji huu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukigonga roshani ya miaka mia moja, huwezi kuinunua dukani.

Hata treni iliwahi kupita mjini hapa. Mwaka 1905 ilijengwa reli kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu, urefu wa karibu maili 7. Treni ilipita mitaani karibu kabisa na kuta za nyumba. Reli hiyo iliachwa katika miaka ya 1920.

Wenyeji wa Mjini hawagombani na vichochoro vyao. Gari kubwa husimama nje. Mzigo huhamishiwa kwenye magari ya mahamali, na hamali husukuma huku akipaza sauti watu wapishe. Hamali anajua upana wa gari lake na upana wa kila kichochoro. Yeye hasemi "yatapita" kwa kubahatisha. Sisi tulipita barabara ya nje hadi Malindi, tukashusha mzigo ghalani salama.

Alama peke yake haitoshi

Mtu atasema: serikali iweke alama za kimo kila mahali. Alama ni nzuri, lakini sikiliza habari hii. Katika mji wa Durham, nchini Marekani, kuna daraja la reli juu ya barabara. Kimo chake kilikuwa futi 11 na inchi 8, karibu sentimita 355. Alama zilikuwepo, na taa za kuonya zilikuwepo. Hata hivyo malori mengi yaliligonga na kuchanika paa. Mwaka 2019 daraja liliinuliwa kwa inchi 8. Hata baada ya hapo likagongwa tena.

Wale madereva walijua kusoma. Lakini kusoma kimo cha njia hakukusaidii kama hujui kimo cha gari lako. Namba zinazotakiwa ni mbili. Ya njia utaisoma au utaipima. Ya mzigo wako ni lazima uijue kabla ya kuondoka.

Tena namba hizi hubadilika. Barabara ikiwekwa lami mpya juu ya ile ya zamani, ardhi hupanda, na nafasi ya juu hupungua. Matawi hukua. Gari lenye springi likiwa tupu husimama juu zaidi kuliko likiwa na mzigo mzito. Kwa hiyo usiseme, "Jana nilipita."

Mambo ya kukumbuka

1. Pima mzigo gari likiwa mahali tambarare. Laza ubao ulionyooka juu ya mzigo, utokeze pembeni. Funga jiwe kwenye uzi, uliteremshe kutoka ncha ya ubao hadi ardhini. Pima urefu wa uzi. Hicho ndicho kimo chako.

2. Andika kimo kwenye ubao wa tela, mahali dereva anapoona.

3. Acha nafasi ya sentimita 30 au zaidi kati ya mzigo na chochote kilicho juu. Gari huruka na kuyumba.

4. Kata mwanzi wenye urefu wa mzigo pamoja na hiyo nafasi. Penye matawi, mtu mmoja atangulie kwa miguu na mwanzi wake. Ukigusa, simama.

5. Waya wa umeme usiuguse kwa mwanzi, kwa mkono wala kwa kitu chochote. Usijaribu kuuinua. Ukiona waya umelegea, simama mbali na uwaarifu Shirika la Umeme.

6. Pima pia uvungu. Tazama mkono wa tela na sehemu ya nyuma kabla ya kuvuka matuta na mitaro.

7. Ukitaka kulipisha gari lingine, simama kwanza. Tazama juu na tazama ukingo wa lami.

8. Mtu asikae juu ya mzigo. Hata kwa safari fupi. Hata akitaka mwenyewe.

Jioni ile nilikwenda Mnazi Mmoja. Kijana alikuwa amefungwa plasta. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Nilimwomba radhi. Akaniambia, "Tulikosea sote, bwana shamba. Lakini wewe ndiye uliyekuwa na futi kamba."

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Safari ya pili kutoka Paje, kabla ya trekta kuwashwa, katibu alisimama kando ya tela na kipande chake cha mkaa. Aliandika kwa herufi kubwa: KIMO 290. Dereva akasoma kwa sauti, wote tukasikia. Ndipo tukaondoka.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya athari. Wewe unayesoma habari hii sasa unajua kuandika namba. Iandike kwenye tela lako.